Nani Yuko Chini? Historia Fupi ya Droni Juu ya Masisi na Walikale



Karibu kila mwezi kuko kijana ananiandikia pembeni: "Agronomi, nataka kununua droni, nipige picha mashamba ya watu huku Masisi. Kazi itapatikana?" Swali ni zuri. Tumemaliza na lisansi yetu, kazi hakuna, na tunaona kwa simu wenzetu wa nchi zingine wanapima mashamba, wananyunyiza dawa, wanapeleka damu hospitali, yote kwa kale kadege kasiko na rubani. Nani hapendi?

Lakini mimi jibu langu halianzi na bei. Linaanza na swali lingine: wakati kile kitu kiko juu, nani yuko chini? Swali hilo ni la zamani kuliko droni yenyewe, na sisi watu wa Kivu tuko na sababu nyingi za kuliuliza kuliko wengine. Leo nitaleta historia kidogo, halafu hesabu kidogo, halafu nitasema wazi kile ninachofikiri.

Goma inajua tayari

Kwa watu wa Ulaya, ajali ya ndege maana yake ni abiria. Kwa mtu wa Goma, ni jirani. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa uwanja, ikaingia Birere kati ya maduka na nyumba. Watu karibu 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa wanauza, wanapika, wanapita njia. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 ya Busy Bee iliyokuwa inaenda Beni ilianguka juu ya nyumba za mtaa wa Mapendo. Ndani mulikuwa watu 19. Waliokufa, ukijumlisha wa ndani na wa chini, walipita 25.

Na uwanja wenyewe muujue historia yake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipotema moto, mawe ya lava yalifunika karibu theluthi moja ya njia ya ndege. Kwa miaka mingi ndege ziliendelea kuruka kwenye kipande kilichobaki, na mji ukaendelea kujengwa mpaka kwenye ukuta. Volkano ilipunguza uwanja, vita ikajaza mji watu, masikini akajenga pale alipopata lupango. Kila jambo peke yake lilikuwa la kawaida. Yakikutana yote, njo hatari.

Sasa shika hiyo picha kichwani, tuingie kwa droni.

Kinshasa, 2006

Wengi tunadhani droni ilifika Kongo na MONUSCO. Hapana. Mwaka 2006, wakati wa uchaguzi, Umoja wa Ulaya ulileta kikosi cha EUFOR Kinshasa, na Wabelgiji wakaja na droni zao za B-Hunter ili kuangalia mji. Hizo hazikuwa vitu vya kuchezea. Zilikuwa ndege za kweli, za kilo mamia, zenye kuruka juu ya mji wa mamilioni ya watu. Tarehe 5 Oktoba 2006 moja ilianguka mjini. Mtu mmoja aliyekuwa chini alikufa, na wengine wakaumia.

Ile droni haikuwa na bunduki. Haikuja kuua mtu. Ilikuja kulinda uchaguzi. Lakini kitu cha kilo mamia kikianguka juu ya nyumba, nia yake nzuri haipunguzi uzito wake. Hiyo njo somo la kwanza la historia hii, na lilipatikana hapa kwetu Kongo, kwa damu ya raia.

Goma, Desemba 2013

Mwezi wa Novemba 2012 M23 iliingia Goma, na dunia nzima ikauliza: maaskari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wanaangalia wapi? Kutoka pale mambo yalienda haraka. Mwanzoni mwa 2013 Baraza la Usalama lilikubali MONUSCO ijaribu droni zisizo na silaha. Mwezi wa Machi likaja Azimio 2098 na ile brigedi ya kuingilia kati. Tarehe 3 Desemba 2013, Hervé Ladsous, mkubwa wa operesheni za amani za UM, alikuja Goma mwenyewe kuzindua. Ilikuwa mara ya kwanza misheni ya Umoja wa Mataifa kutumia droni zake yenyewe za kuchunguza. Ilikuwa Goma. Sisi njo tulikuwa kalasi ya majaribio.

Droni ile iliitwa Falco, ya kampuni ya Italia, Selex ES. Mabawa yake yana upana wa mita 7 na kidogo, na ikijaa inafika kilo 420. Ilikuwa na kazi ya kuangalia mipaka na milima yetu, mchana na usiku. Mwanzo zilikuwa mbili, halafu zikawa tano.

Mwezi wa Januari 2014, hata miezi miwili haijapita, moja ilianguka kwenye uwanja wa Goma. Hakuna aliyeumia. Kabla ya mwaka kuisha, nyingine ikaanguka. Niliyaangalia haya nikiwa bado sekondari, na tulicheka sana. Tulisema: ndege ya bazungu nayo imechoka na Goma. Leo sicheki tena. Ukiwa na ndege tano, na mbili zimeanguka ndani ya mwaka mmoja, uwezekano wa kuanguka si jambo la kufikiria tu kwenye karatasi.

Lakini historia haiko upande mmoja. Mwezi wa Mei 2014, droni ya MONUSCO iliona mtumbwi umepinduka katika Ziwa Kivu. Boti zilitumwa haraka, na watu 14 waliokolewa. Ukiuliza familia za wale watu 14 kama droni ni mbaya, unajua watakujibu nini.

Halafu likatokea jambo ambalo wanafunzi wa maendeleo wanapaswa kulisoma vizuri. MONUSCO ilitaka kuyapa mashirika ya misaada picha za droni zake: kambi za wadeplase, barabara zilizokatika, na vitu kama hivyo. Ingekuwa zawadi, si ndiyo? Katikati ya 2014 kundi la mashirika ya kimataifa ya Goma lilikataa mbele ya watu. Sababu yao: droni hiyo hiyo inayopiga picha ya kambi asubuhi, jioni inatafutia jeshi adui. Mkulima wa mlimani atajuaje kama leo ile sauti ni ya unga au ni ya vita? Na akishindwa kutofautisha, atamwogopa pia mwenye kuleta unga.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu alisema kwa sauti kubwa kwamba droni iko na hatari ya aina mbili: ile ya kuanguka, na ile ya kueleweka vibaya.

Hesabu, polepole

Sasa tuje kwa zile droni ndogo, zenye sisi tunaweza kununua. Wataalamu wa anga wanasema hatari ni vitu viwili kwa pamoja: jambo linaweza kutokea mara ngapi, na likitokea litaumiza kiasi gani. Shirika la anga la dunia, ICAO, linafundisha kupanga hayo mawili kwenye jedwali, namba 1 mpaka 5 upande mmoja, herufi A mpaka E upande mwingine. Kwa droni kuko njia nyingine inayoitwa SORA, iliyotungwa na wataalamu wa mamlaka za anga za nchi nyingi. Nayo inaanza na maswali mawili ya kawaida kabisa: chini kuko watu wangapi? Na juu kuko ndege zingine?

Tuchukue droni ya kawaida ya kupiga picha, kilo 1,4. Motere imezimika ikiwa mita 60 juu. Kwa sababu ya upepo haitaongeza mwendo bila mwisho, tuseme inafika chini na mita 20 kwa sekunde. Wenye kusoma fizikia wanajua: nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Inatoa juli 280. Ni sawa na kuangusha kile kitu cha kilo 1,4 kichwani kwa mtu kutoka urefu wa mita 20.

Je, 280 ni nyingi? Ulaya, katika sheria zao za 2019, droni ndogo yenye kuruhusiwa karibu na watu haipashwe kupitisha juli 80 ikigonga kichwa, ao basi iwe chini ya gramu 900. Juli 80 ni kama kilo moja ya maharagi kukuangukia kutoka mita 8. Kwa hiyo ile droni yetu "ndogo" inapita mpaka huo zaidi ya mara tatu. Falco ya kilo 420, ikishuka na mita 50 kwa sekunde, inabeba juli 525.000. Usiwahi kusikia neno "droni" ukafikiri ni kitu kimoja. Ni kama kusema "gari" ukimaanisha chukudu na kamio.

Sasa kuko kanuni moja rahisi inayotumika sana: ukiruka mita 60 juu, uache pembeni mita 60 za udongo ambamo hamuna mtu asiyehusika. Tufanye hesabu ya shamba la Masisi. Shamba la hekta moja, mita 100 kwa 100. Ongeza mita 60 kila upande, unapata mraba wa mita 220 kwa 220. Hiyo ni hekta 4,84.

Umeona? Ili upige picha ya hekta moja ya mama mmoja, uhakikishe kwamba karibu hekta tano hazina mtu ambaye hajui kinachoendelea. Wewe unajua Masisi. Milima inalimwa mpaka juu, mashamba ya robo hekta yamebanana, watoto wako na mbuzi, bamama wako na majembe, njia ya miguu inapita katikati ya kila kitu. Siku ya soko ndiyo basi kabisa. Vitabu vingi vinaandika kwamba mashambani ni mahali pa watu wachache. Aliyeandika hivyo hakufika Kitchanga.

Mlima, jiwe, na ukungu

Juu ya hesabu hiyo ongeza mambo ya mahali petu, ambayo muuzaji wa droni hatakuambia.

Hewa. Sehemu kubwa ya Masisi iko karibu mita 2.000 juu ya bahari. Kwa urefu ule hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 18. Helisi zinapaswa kuzunguka haraka zaidi ili zibebe uzito ule ule, na batri inaisha mapema. Dakika zilizoandikwa kwenye karito si dakika za Mushaki.

Mwinuko. Droni nyingi zinapima urefu kutoka pale ziliporukia. Umerukia bondeni, umeiweka mita 60, halafu umeituma ipande mlima. Mlima unapanda, droni inabaki pale pale. Utaikuta kwenye mikaratusi.

Jiwe. Upande wa volkano, mawe mengine yanabeba chuma na yanachanganya dira ya droni. Bati za nyumba na vyuma vya beto vinaweza kufanya vile vile. Dira ikichanganyikiwa, droni inaweza kukimbia upande usioutaka.

Ukungu na mvua. Huku asubuhi inaanza nyeupe, saa nane mvua. Ukipoteza droni kwa macho, umepoteza nusu ya usalama wako, maana kanuni ya kwanza ya mwenye kurusha ni kuiona kwa macho yake mwenyewe, si kwa kioo cha simu.

Walikale: watu wachache, hatari nyingine

Walikale ni kinyume. Ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu kubwa ni msitu. Ukienda na hesabu ya SORA peke yake, Walikale ni paradiso. Droni ikianguka katikati ya msitu, itagonga mti.

Kuko mfano mzuri hapa hapa nchini. Mwezi wa Agosti 2019, huko Équateur, Wizara ya Afya pamoja na VillageReach na kampuni ya Australia, Swoop Aero, walianza kupeleka chanjo kwa droni kutoka Mbandaka hadi kituo cha afya cha Widjifake. Safari ya masaa mengi kwa mtumbwi na pikipiki ilifanyika kwa karibu dakika 20. Msitu, mito, vijiji vya mbali: si inafanana na Walikale? Jirani zetu wa Rwanda walikuwa wameanza na Zipline pale Muhanga tangu Oktoba 2016, kupeleka damu. Kwa hiyo hakuna mtu ataniambia kwamba droni haiwezi kuokoa mama mwenye kutoka damu Itebero ao Mubi. Inaweza. Barabara tunazijua.

Lakini angalia swali la pili, lile la ndege zingine. Walikale ni mahali ambapo barabara yenyewe ilikuwa uwanja. Pale Kilambo, kwa miaka, ndege ndogo zilitua juu ya barabara kuchukua cassiterite ya Bisie. Helikopta za misheni na za misaada zinaruka chini chini, juu ya ukungu na juu ya bunduki. Rubani wa ndege ndogo anayeshuka katikati ya milima hawezi kuiona droni ya kilo moja na nusu. Ataiona ikishaingia kwenye helisi.

Sheria iko, tusijidanganye. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 8, dunia ilikubaliana kwamba ndege isiyo na rubani haiwezi kuruka juu ya nchi bila ruhusa maalumu. Mwaka 1944! Kwetu kuko Sheria n° 10/014 ya 31 Desemba 2010 juu ya anga ya kiraia, kuko AAC yenye mamlaka, kuko RVA yenye kuongoza ndege. Lakini swali la Masisi na Walikale ni hili: ruhusa iliyopigwa muhuri mjini, inamfikia nani kule mlimani?

Pale anga ilipobadilika

Kutoka mwisho wa 2021 vita ya M23 ilirudi, na safari hii anga nayo iliingia vitani. Jeshi letu lilipata droni za CH-4 kutoka China. Mwezi wa Februari 2024 Umoja wa Mataifa uliandika kwamba kombora lilirushiwa droni ya MONUSCO ya kuchunguza, upande wa Rutshuru. Siku chache baadaye, tarehe 17 Februari, jeshi lilitangaza kwamba uwanja wa Goma ulishambuliwa kwa droni na ndege za kiraia zikaharibika. Rubaya ilibadilisha mikono mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwisho wa mwezi ule ule. Walikale-centre ikafuata mwezi wa Machi, halafu M23 ikatoka pale mwezi wa Aprili.

Sitaingia katika nani yuko na haki. Ukurasa huu si wa hiyo, na wasomaji wake wako pande zote za mstari. Ninachosema ni jambo moja tu: mtoto wa Masisi aliyezaliwa 2018 amejifunza sauti ya droni kabla ya kujifunza kusoma. Akiisikia, hatazami juu kama sisi tulivyotazama Falco. Anakimbia. Mama anaacha sufuria motoni. Kundi lenye silaha, liwe la upande gani, linapiga risasi juu, na risasi inayokwenda juu inarudi chini.

Na mwenye kushika telekomande je? Kwa macho ya watu wenye bunduki, yule kijana aliye na droni anahesabu nafasi zao. Haitamsaidia kuonyesha diploma ya agronomia.

Hii hatari haimo katika lile jedwali la ICAO. SORA inauliza droni itaanguka mara ngapi. Haiulizi nini kitatokea kama droni haikuanguka kabisa, imeruka vizuri, imerudi salama, na picha ni safi.

Mlima mmoja, 2022

Nitoe mfano mmoja niliouona. Mwaka 2022 mradi mmoja, sitautaja, ulitaka kuchora ramani ya mashamba ya wakulima kwenye mlima mmoja wa Masisi. Fundi alikuja na droni. Kazi ya siku mbili, alisema. Karatasi za mjini ziko. Mimi nilikuwa wa kuandika majina na mazao.

Niliomba tukae kwanza na wenye mashamba. Mzee mmoja, baada ya kutusikiliza wote, alisema hivi: "Kijana wangu, hiyo kitu yenu ikiruka, nyinyi mutamaliza na mutarudi Goma. Usiku watakuja kutuuliza sisi: nani aliwaita hawa? Walipiga picha ya nini? Na sisi tutajibu nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Yule fundi, aliyejua droni yake vizuri sana, alinyamaza pia.

Kuko na jambo lingine mzee hakulisema, lakini kila mtu pale alilijua. Masisi, ramani si karatasi tu. Tangu wakati wa wakoloni walowezi walichukua milima, halafu sheria ya 20 Julai 1973 ikafanya ardhi yote kuwa ya Serikali, na wenye nguvu wakapata mapori makubwa ya ng'ombe pale watu walipokuwa wanalima kwa haki ya mila. Vita vyetu vingi viko na mzizi ndani ya udongo huo. Sasa unaleta picha inayoonyesha kila mpaka kutoka juu, unaipeleka kwa kompyuta ya mtu mwingine, na unasema ni ya maharagi?

Tulipima kwa miguu. GPS ya mkono, kamba, na mwenye shamba akitembea mbele kwenye mpaka wake, jirani yake akiwa upande wa pili. Badala ya siku mbili, siku 11. Tuligundua mipaka miwili yenye mvutano ambayo picha ya juu isingeonyesha, ju mvutano hauonekani kutoka juu. Zote mbili zilisuluhishwa na wazee kabla hatujaandika kitu. Mradi haukupenda gharama ya zile siku tisa za ziada, na msimu uliofuata hawakuniita. Hiyo nayo ni bei, naisema ili musifikiri kwamba kuuliza swali ni bure. Lakini ule mlima, hakuna mtu aliyeamshwa usiku ju ya kazi yetu.

Basi tufanye nini?

Simo katika wale wanaosema droni ni ya shetani. Sisi agronomi tusisahau kwamba kazi ya kwanza kubwa ya kiraia ya vitu hivi ilikuwa shamba: Japani, mwaka 1987, Yamaha ilitoa R-50, helikopta ndogo isiyo na rubani ya kunyunyiza dawa kwenye mpunga. Kazi hii ni yetu. Siku amani itakuja, nataka niwe wa kwanza kuangalia kutoka juu namna kahawa yetu inaumwa, namna erozyo inakula milima ya Matanda.

Lakini kabla ya kurusha, andika kwa mkono wako majibu ya maswali haya, na usiruke lolote:

1. Droni yangu ina kilo ngapi, na ikianguka itabeba juli ngapi? Hesabu umeiona hapo juu.

2. Nikiongeza pembeni mita sawa na urefu wa kuruka, ndani ya eneo lile kuko nani leo, saa hii? Si jana. Leo.

3. Ndege gani zinapita hapa, na nani wa RVA ao wa uwanja wa karibu anajua kwamba mimi niko juu?

4. Nikipoteza mawasiliano, droni itafanya nini peke yake, na njia yake ya kurudi inapita juu ya nani?

5. Nani ametoa ruhusa: AAC na wakubwa wa mjini, ndiyo, lakini pia Mwami, shefu wa lokalite, bamama wa shirika la wakulima? Na je, hao wa mwisho waliweza kusema hapana?

6. Picha zinaenda wapi, nani atazishika baada ya miaka mitano, na zinaweza kumsaidia nani kumfukuza nani?

7. Nikishaondoka, nani atabaki kuulizwa?

Swali la 7 likikosa jibu, weka batri mfukoni, chukua kamba na GPS, tembea. Leo, kwa sehemu kubwa ya Masisi na Walikale, naona jibu halipo. Hiyo ni maoni yangu, na niko tayari kubishana na mtu aliye na mfano wa kunishinda. Mtu wa Pinga, wa Nyabiondo, wa Kashebere, wewe uliye huko, unajua kuliko mimi ninayeandika.

Kuuliza si ujinga. Wale wataalamu wa Ulaya na wa ICAO walianza na swali la nani yuko chini ju walijua kwamba mwenye kurusha hafi na droni yake. Anayekufa ni mwingine. Njo maana hesabu yote ya usalama, ukiitoa maneno makubwa, inabaki kuwa adabu: usiweke juu ya kichwa cha mtu kitu ambacho hakukubali kiwe pale.

Andikeni chini: kwenu, sauti ya droni ikisikika, watu wanafanya nini? Nitasoma majibu yote.